Majani yangu ya nepia yanageuka njano, nipige dawa gani?

MfugajiOsukuru
Habari za jioni ndugu zangu. Niko Osukuru, Tororo, Uganda. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, nawafungia bandani, na nusu ekari ya nepia, haya majani ambayo wengi huku wanayaita kisagazi. Mvua imerudi, nikajua shamba litafunga, lakini tangu nikate mara ya mwisho mashina mengi yanatoa majani membamba ya njano na hayapandi juu. Mwenye duka la pembejeo aliniuzia dawa ya wadudu, nimepiga mara mbili. Yule anayekamuliwa ameshuka kutoka lita 11 hadi 6. Usingizi umenipotea. Nipige dawa gani nyingine?

MamaFriziani
Pole sana. Mimi naona shida yako ni chakula, dawa iache kwanza. Ng'ombe mmoja mkubwa anataka kama kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, nusu ekari inayougua utaitoa wapi hiyo? Mwaka jana nilichimba shimo la sileji, yaani la kuvundika malisho ya akiba, nyuma ya nyumba. Nikakata mahindi punje zikiwa bado laini, ukiiminya inatoka kama uji mzito. Tukakatakata vipande vidogo, watoto wakakanyaga tangu mchana mpaka giza likaingia, nikafunika nailoni na udongo juu. Nilifungua baada ya wiki tano, harufu tamu yenye uchachu kidogo, ng'ombe wakaanza kulia kabla sijafika bandani. Kona moja tu hatukuikanyaga vizuri, pale palioza pakawa peusi. Panda pia kaliandra, ule mti mdogo wa malisho, kwenye mipaka: kilo 3 mbichi zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani.

MzeeWaNagongera
Vijana mnakimbilia majani bila kuuliza. Mimi nilipoteza ndama kwa mtama. Kiangazi kilikuwa kikali, mtama ukanyauka, mvua moja ikanyesha ukachipua, nikaona kijani nikafurahi. Nikamkatia asubuhi. Kabla sijamaliza chai alikuwa chini, anahema mdomo wazi. Machipukizi yale yana sumu. Tangu siku hiyo mtama ambao haujanifika kiunoni siugusi.

MgangaWaMimea
Mzee, pole kwa ndama, lakini turudi kwa mwenye swali. Ndugu, huo ni ugonjwa wa kudumaa wa nepia. Unaletwa na kimelea kinachoitwa fitoplazma, kinakaa ndani ya mishipa inayopitisha chakula cha mmea. Kuna kadudu kanakoruka, kanafyonza utomvu wa shina hili na kupeleka ugonjwa kwa lile. Ila anayeusafirisha mbali ni mkulima mwenyewe, kwa vipando. Hakuna dawa ya kuuponya. Unang'oa shina lote pamoja na mizizi. Sasa nijibu: vipando ulivitoa wapi, na je, umempa mtu mwingine?

MfugajiOsukuru
Nilipewa na shemeji yangu wa Busia. Vilikuwa vizuri tu. Hayo ya nyuma yamepita, mimi nataka kuokoa shamba.

MgangaWaMimea
Hujajibu swali la pili.

MfugajiOsukuru
Sawa. Nimewauzia wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa magunia 9, kila gunia 15,000. Mengine 6 bado sijayapeleka, lakini pesa nimeshapokea na imeenda kwenye karo. Lakini jamani, nachagua shina kwa shina! Nakata ya kijani peke yake, na panga naliosha. Ningekuwa na nia mbaya ningekata yote. Halafu shemeji aliniambia hii ni aina ya nepia iitwayo Kakamega 1, haiugui.

MgangaWaMimea
Kakamega 1 inastahimili ugonjwa wa masizi, ule unaofanya vichwa vya majani viwe vyeusi. Kudumaa ni ugonjwa mwingine kabisa. Na shina linaweza kuwa la kijani na ugonjwa umo ndani. Dalili nyingi zinatokea likishakatwa na kuchipua upya, kama ulivyoona kwako. Kwa macho huwezi kuchagua.

BodaMalaba
Mimi siamini. Gunia la kisagazi 15,000 hapa Tororo? Kwetu unakata kwa jirani bure, unamwachia soda. Hii hadithi imetungwa. Subirini, kesho atatokea mtu na namba ya simu, anauza mbegu za brakiaria, yale majani mengine ya malisho.

MamaFriziani
Bure ilikuwa zamani. Huku Mbale baada ya kiangazi kile tulinunua, tena kwa kugombania. Na brakiaria imekosa nini? Ninayo aina yake iitwayo Mulato II. Iliboreshwa kule Kolombia, lakini asili ya majani hayo ni Afrika.

BodaMalaba
Bei sibishani. Atume picha.

MfugajiOsukuru
Simu yangu haina kamera. Nimetoka shambani sasa hivi na tochi. Mstari wa tatu, karibu na shimo la samadi, kuna shina ambalo mwaka jana lilinifika kifuani. Leo liko chini ya goti. Limetoa vichipukizi zaidi ya 20, kila kimoja chembamba kama njiti ya ufagio. Nina sababu gani ya kutunga hilo?

Kijana_Tororo
Samahani. Mimi niko Kampala, lakini mama yuko Osukuru. Jumamosi alinunua magunia mawili ya vipando kwa mtu wa kikundi chao. Ni wewe?

MfugajiOsukuru
Yamefungwa kwa maganda ya mgomba?

Kijana_Tororo
Ndiyo. Ameshachimba mashimo. Anapanda kesho alfajiri.

MfugajiOsukuru
Mwambie asipande. Nitafika kwake asubuhi. Pesa yote sina, nina 10,000 ya maziwa ya leo, nyingine anipe mwezi mmoja. Hao wengine nitawaambia Jumapili kwenye mkutano, niwaeleze pamoja.

MzeeWaNagongera
Jumapili watakuwa wameshapanda, mwanangu. Piga simu usiku huu.

MgangaWaMimea
Ugonjwa huo haumdhuru ng'ombe, kwa hiyo mama akatekate vipando awalishe vikiwa vibichi, asivitupe kando ya shamba. Nawe ukishang'oa, usirudishe nepia palepale haraka. Weka viazi vitamu, marando ng'ombe wanayapenda. Na afisa mifugo wa gombolola umjulishe.

MfugajiOsukuru
Nimempigia wa kwanza. Hapokei. Najaribu wa pili.