Mjadala: Je, Kaunti itunge sheria yake ya kelele Malindi, au iliyopo inatosha?

Mwanzishaji, mkazi wa Ngala

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo nyote. Naleta suala ambalo kila mtu hapa mjini analo kifuani lakini huishia barazani: Kaunti ya Kilifi itunge sheria yake ya kudhibiti kelele Malindi na vitongoji vyake, au kanuni za nchi zilizopo zinatosha, ila hazifuatwi?

Nautaja msimamo wangu mapema ili mnipinge kwa haki. Naona sheria ya kaunti inahitajika, na naona isiguse harusi, matanga, adhana wala kesha la kanisani, iguse spika. Watu wameoana na kuzikana hapa karne nyingi bila majirani kuhama, na kilichobadilika si sherehe bali ni mtambo uliowekwa mbele yake.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, wa kelele na wa kero nyingine za umma. Kabla yake kulikuwa tayari na kanuni za mwaka 2009 za kelele na mitetemo iliyopita kiasi, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999 na kusimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kanuni hizo zinasema kwamba nje ya nyumba katika eneo la makazi sauti isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wake huanza saa mbili na dakika moja na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Sasa iwekeni kando yake sheria ya vileo, ambayo nayo ni ya 2010: baa ya kawaida huruhusiwa kuuza mpaka saa tano usiku, na klabu ya usiku kuanzia saa moja jioni hadi saa tisa usiku. Mtu yule yule ana ruhusa halali ya kuchezesha watu mpaka saa tisa, na wakati huo huo anatakiwa tangu saa mbili asitoe mlio unaozidi sana mnong'ono. Mwenye klabu huonyesha leseni iliyotundikwa ukutani, jirani huonyesha kanuni, na askari aliyeitwa husimama katikati yao asijue amshike nani. Mara nyingi hamshiki yeyote.

Mimi mwenyewe mwaka jana nilipeleka malalamiko kuhusu ukumbi mmoja ambao sitautaja. Ofisi ya kwanza ilinielekeza kwa ya pili, ya pili ikaniuliza kama nina kipimo cha desibeli, na ya tatu ikanishauri nizungumze na mwenye ukumbi kwa wema, jambo ambalo nilikuwa nimelifanya kabla ya kwenda kokote.

Fundi mitambo, Maweni

Ndugu mwanzishaji, nakuheshimu, lakini wewe umezisoma namba na mimi ninaishi nazo. Nimekodisha mitambo ya muziki kwa zaidi ya miaka kumi na naomba nieleze desibeli 35 ni kitu gani. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua takriban desibeli 6. Spika inayotoa 100 kwa umbali wa mita moja itakuwa 94 kwa mita mbili, 88 kwa mita nne, na ukiendelea hivyo utafika mita 128 ukiwa bado na 58. Ili ishuke mpaka 35 unahitaji zaidi ya kilomita moja na nusu. Najua kuta, miti na upepo hupunguza sehemu yake, lakini hata ukiondoa hayo yote, mji wetu hauna kilomita moja na nusu ya kumpa kila bwana harusi.

Zaidi ya hayo, msimu wa kusi nenda usiku ufukweni na kipimo mkononi, usimame tu usikilize mawimbi. Bahari peke yake itakuwa imevunja sheria, na sijui ni askari gani atakayeipelekea hati ya kuitwa mahakamani. Nchi nyingine, Uingereza ikiwemo, huangalia pia kelele imezidi kwa kiasi gani sauti ya kawaida ya mahali husika. Kipimo cha namna hiyo naweza kukifuata. Cha 35 ninakivunja kila ninapowasha mtambo, na mtu akishajua kwamba amevunja sheria hata akipunguza, hapunguzi.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, niimalize, ingawa mchimba kisima huingia mwenyewe. Kipimo kinachotajwa kwenye kanuni ni cha mizani ya A, ambayo huiga sikio la binadamu na kwa hiyo huhesabu sauti nzito kidogo sana. Besi ndiyo inayopita ukutani na kutikisa vyombo kabatini, nayo ndiyo ambayo kipimo hicho huihesabu kwa uchache. Dijei anayejua kazi yake anaweza kushusha sauti za juu, akaacha besi, akapita ukaguzi, na jirani asilale.

Mpika mahamri, Barani

Mimi nitasema machache kwa sababu muda wangu ni mdogo. Huamka saa tisa usiku kukanda unga, kwa hiyo hulala saa mbili. Huyo fundi wetu amesema desibeli 35 haiwezekani, na labda ni kweli. Mimi sikuomba 35. Naomba muziki wa baa iliyo nyuma ya nyumba yangu usikike ndani ya baa. Wateja wake wamekaa mle ndani, lakini spika mbili zimeelekezwa barabarani. Ni nani anayechezewa huko barabarani?

Mkazi wa Ganda

Ndugu zangu, mmezungumzia baa na klabu kwa sababu mko mjini. Huku kwetu neno kelele maana yake ni disko matanga, yaani muziki wa mtambo unaopigwa usiku msibani, na viongozi wa utawala wamelipiga marufuku mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe imekuwa sehemu ya matanga. Sababu inayotolewa ni watoto, hasa wasichana wanaokesha huko na kurudi na mimba, na mimi mzazi siwezi kuikejeli sababu hiyo. Lakini naomba muifahamu hali ya mfiwa. Muziki huvuta vijana, vijana huchanga, na mchango huo hununua jeneza, hulipa gharama za mochari na hulisha wageni. Mwenye uwezo hufanya harambee hotelini mchana. Asiye na uwezo hukodi mtambo wa huyu ndugu wa Maweni usiku. Mkipiga marufuku usiku na kuacha gharama pale pale, mmemtoza faini mfiwa.

Wazee wetu waliomboleza kwa kayamba na ngoma usiku kucha, na hakuna aliyelalamika kutoka kijiji cha tatu. Kwa hiyo nakubaliana na mwanzishaji kuhusu spika. Ninachokataa ni sheria iandikwe kwa kumfikiria mtalii wa Casuarina kisha itekelezwe Ganda, kwa sababu tumeona zaidi ya mara moja kwamba askari hufika kwenye matanga kabla ya kufika kwenye hoteli.

Mjumbe wa kamati ya msikiti, Shela

Nilikuwa nikisubiri nione kama msikiti utatajwa kwa ubaya, na nashukuru haukutajwa. Hata hivyo ni bora sisi wenyewe tuseme kuliko kusemewa. Adhana ya alfajiri haimalizi dakika tano. Ni wito, na wito usiosikika si wito. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda ibada, na sidhani kuna mtu hapa anayetaka kukigusa. Lakini darsa ya saa nzima baada ya sala, inayotolewa kwa spika za nje huku waliokuja kusikiliza wote wamekaa mbele ya sheikh, hiyo si adhana, na tusijifiche nyuma ya adhana kuitetea. Kwenye msikiti wetu tumefunga spika za ndani kwa ajili ya darsa na khutba, na za nje tumeziachia wito peke yake. Gharama yake ilikuwa swichi moja na majadiliano ya miezi miwili (majadiliano ndiyo yaliyokuwa ghali).

Kanuni za 2009 zimeiorodhesha nyumba ya ibada pamoja na maeneo ya utulivu, kwa desibeli 40 mchana. Zinailinda ibada isisumbuliwe. Wengi wetu huzisoma kana kwamba ziliandikwa dhidi yetu.

Mgeni kutoka Lamu, Langoni

Naomba nichangie kama jirani. Kwetu Mji wa Kale, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kuta za nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na vichochoro ni vyembamba mno kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hulazimika kurudi nyuma. Sauti ikiingia kichochoroni haina pa kutawanyika. Husafiri kama maji ndani ya mfereji. Ndiyo sababu pikipiki moja ikipita huku husumbua kuliko kumi zikipita barabara yenu ya Lamu. Hesabu ya fundi ya desibeli 6 ni sahihi uwanjani, lakini sheria ya kaunti ikiandikwa kwa hesabu hiyo peke yake itawaumiza watu wa vichochoroni.

Jambo la pili ni kalenda. Mfungo Sita ukiingia, Lamu hupokea wageni kutoka pwani nzima kwa ajili ya Maulidi, msikiti wa Riyadha hujaa, zefe hupita na matwari, na hakuna anayelala mapema wala anayetarajia kulala. Si kwamba tunapenda kelele zaidi mwezi huo. Tunaijua siku yake, tunajua itakwisha lini, na tuliokesha ndio wenyeji wenyewe. Kelele inayoudhi ni ile isiyojulikana itaisha saa ngapi. Kama mtaandika sheria, wapeni watu siku zao zinazojulikana, kisha muwe wakali kwa siku zilizobaki.

Msomaji wa sheria, Malindi

Naingilia kwa nukta moja kwa sababu naona mjadala unaelekea kwenye kulegeza kiwango cha 35. Kaunti haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi mnaoudhani. Kifungu cha 191 cha Katiba kinaeleza kwamba sheria ya kitaifa inaweza kushinda ya kaunti zinapogongana, na kulinda mazingira ni miongoni mwa sababu zilizotajwa waziwazi. Mkitunga sheria inayoruhusu 45 mahali ambapo kanuni inasema 35, mwenye ukumbi atafurahi mwezi mmoja, kisha jirani mmoja mwenye wakili ataipeleka mahakamani. Isitoshe, kanuni hizo hizo hazitegemei namba peke yake. Zinataka pia iangaliwe saa ya kelele, ukaribu wake na makazi, kama inajirudia, kama imeongezwa nguvu kwa mitambo, na kama ingeweza kuzuiwa bila juhudi au gharama kubwa. Mama wa mahamri hakuhitaji kipimo. Spika zilizoelekezwa barabarani zingeweza kugeuzwa kwa mikono miwili.

Mwanzishaji, mkazi wa Ngala

Nimesoma yote na lazima nikiri kwamba msimamo wangu umesogea. Nilikuja nikitaka namba mpya. Nilikuwa nimeandaa hata hoja yake: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala na 45 nje ya dirisha lake, kwa kukadiria kwamba dirisha lililo wazi kidogo hupunguza kama 15. Kwa mji wa joto kama wetu, ambako anayefunga dirisha usiku ni mwenye kiyoyozi peke yake, kipimo cha dirishani nilikiona cha haki. Msomaji wa sheria amenionyesha kwamba namba hiyo haitasimama, na fundi amenionyesha kwamba hata ikisimama itakwepwa kwa besi. Hoja zote mbili nazikubali, ya fundi kwa shingo upande.

Kwa hiyo naiacha namba na kushika leseni. Jedwali lile lile la Nne linaipa kaunti utoaji wa leseni za vileo pamoja na usimamizi wa burudani za umma. Mkono wa kaunti uko hapo, tena hauhitaji kugongana na mtu. Leseni ya baa au klabu iliyo katikati ya makazi itaje saa ya kuzima spika, tofauti na saa ya kufunga biashara. Itaje kwamba hakuna spika inayoelekezwa nje ya jengo. Itaje kwamba spika za besi zizimwe mapema zaidi ya nyingine. Na malalamiko matatu yaliyothibitishwa yazuie leseni kuhuishwa mwaka unaofuata. Malalamiko yathibitishwe na ofisa aliyesimama ndani ya nyumba ya mlalamikaji, si mlangoni pa klabu akiwa na soda ya bure mkononi. Mwishoni mwa 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa leseni katika maeneo ya makazi. Sisemi tufike huko, kwa kuwa Malindi hula kwa utalii, lakini inaonyesha kwamba leseni ndiyo pa kushika.

Kuhusu matanga, ndugu wa Ganda amenishinda na sina jibu kamili. Harusi na matanga havina leseni ya mwaka, vinahitaji kibali cha siku moja, na kibali kikitozwa ada tutakuwa tumefanya lile lile alilolionya. Napendekeza kibali cha bure kitolewe na ofisi ya wadi, kikiwa na saa ya mwisho iliyoandikwa, na aliyekodisha mtambo awe ndiye mwenye dhamana ya saa hiyo badala ya mfiwa.

Fundi mitambo, Maweni

Hapo sasa umeniweka mimi kwenye hati. Sikatai. Lakini iandikwe kwamba mfiwa akikataa kuzima na vijana wakanizingira, ofisi ya wadi itakuwa na namba ya simu inayopokewa saa sita usiku. Bila hiyo, mimi sitaizima, na nyote hapa mnajua kwa nini.