Chaja janja inajuaje betri ya AA imejaa?

Swali (Jinja): Wakuu, nina betri nne za NiMH (aina ya kuchajiwa tena), ujazo wa 2000 mAh. Chaja yangu ya bei rahisi inazichemsha. Hizo chaja janja zinakata vipi zenyewe?

Jibu (Kampala): Chaja janja inapima kila betri peke yake. NiMH ikijaa, volti hufika karibu 1.5, kisha hushuka milivolti chache. Mshuko huo ndio ishara ya kukata. Weka mkondo wa kuchaji wa 500 hadi 1000 mA. Mkondo ukiwa mdogo mno mshuko hauonekani, chaji inazidi na betri inaharibika. Kwa 500 mA subiri saa 4 hadi 5.

Jibu (Mbale): Umeme ukikatika, saa ya usalama (inayokata chaji muda ukiisha) huweza kuanza tena sifuri. Betri za alkali (zile za kutumia na kutupa) usiweke kabisa, zinavuja.

Swali (Jinja): Uvuguvugu je?

Jibu (Kampala): Mwishoni ni kawaida. Ikishindikana kushika, chomoa.