Wimbo wa Taifa tuuache ulivyo, tubishane juu ya Katiba

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hoja hii ilizuka kijiweni kwetu Chikongola, kwenye kahawa, na mpaka leo haijaisha. Kijana mmoja alisema Tanzania itunge wimbo mpya wa Taifa, kwa sababu sauti ya "Mungu ibariki Afrika" ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897, na Wazambia nao wanaimbia hiyohiyo. "Taifa gani linaazima wimbo?" akauliza. Mwalimu mstaafu tunayemheshimu sana akamjibu: ukianza na wimbo, kesho utataka na Katiba.

Mimi nasema wimbo ubaki, Katiba iandikwe upya.

Anayeuona wimbo huu kuwa wa kuazima afike Nachingwea. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo pale, na Samora Machel aliishi humo. Afike na Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji baada ya nchi ile kupata uhuru, wakimsaidia jirani. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika nzima, wa pili ndio unaitaja Tanzania. Kwetu kusini mpangilio huo tuliulipia kwa damu. Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma waliubadilisha wimbo wao mwaka 2002, lakini wa zamani ulikuwa unakisifu chama, na vyama vingi vilikwishaingia. Walikuwa na sababu. Wetu haumsifu mtu wala chama.

Katiba ni habari nyingine. Hii tuliyonayo ni ya 1977, enzi ya chama kimoja, na imetiwa viraka mara nyingi, pamoja na kile kikubwa cha 1992 kilichorudisha vyama vingi. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 9 inataka utajiri wa Taifa uendelezwe, uhifadhiwe na utumiwe kwa manufaa ya wananchi wote kwa jumla. Ukiyasoma unajivunia nchi yako. Kisha rudi nyuma kidogo, ibara ya 7(2): masharti ya sehemu yenye ibara hizo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Siku niliyofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu. Kumbe nimeahidiwa kitu nisichoweza kukidai.

Ndiyo maana siwezi kuzungumzia jambo hili bila kuutaja mwaka 2013. Tulisema gesi ya Mnazi Bay haitoki Mtwara. Barabara zikafungwa, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam likajengwa hata hivyo. Mwalimu yule wa kijiweni alinikumbusha, na namkubalia, kwamba maneno "wananchi wote kwa jumla" yalikuwa yanatuhukumu na sisi: gesi haikuwa ya Mtwara peke yake, kama vile ya Songo Songo, Kilwa, ilivyokuwa ikienda Dar es Salaam tangu 2004. Sawa, mwalimu wangu. Lakini mtu wa Msimbati aliyetaka kujua manufaa yake yeye ni yapi, angeipeleka wapi ibara ya 9? Mahakamani amekwishakatazwa. Akaenda barabarani, na huko tukazika.

Nafasi ya kurekebisha tuliipata. Tume ya Jaji Warioba ya kukusanya maoni ya Katiba mpya ilizunguka nchi nzima, watu wakasema yao, rasimu ikatoka na orodha ya tunu za Taifa: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha yetu. Bunge Maalum la 2014 likagawanyika, wapinzani waliojiita UKAWA wakatoka nje, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika. Inaniuma mpaka leo.

Wapo watakaosema Katiba hailiwi, tupiganie kwanza salfa ya kupulizia mikorosho na bei ya korosho. Mkulima wa Tandahimba anayesubiri malipo ya mnada anahitaji zaidi ya mtu yeyote sheria inayomruhusu kuuliza na kujibiwa.

Hoja iliyonipa shida kweli ilitoka kwa mwalimu: ibara hizo zikipewa nguvu ya mahakama, kila kijiji kitashtaki, na nchi maskini haitaweza kulipa. Nimelala nayo siku tatu. Jibu langu ni kwamba tusizifungue zote kwa pamoja. Tuanze na hiyo moja ya utajiri wa Taifa, ili kijiji ambacho gesi, madini au bahari yake inatumika kiweze kumwambia hakimu: tuonyesheni hesabu. Anayepinga hilo naomba aniambie kijiji hicho kiende wapi, kisirudi tena barabarani.