Kitanda cha kijana chenye stoo chini: droo, cha kuinua au cha juu?

Baba Wawili
Habari wakuu. Kijana wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, miguu imeshaanza kuning'inia nje ya godoro. Chumba chake ni futi 10 kwa 10, nguo kwenye mifuko, madaftari sakafuni. Nataka kumtengenezea mwenyewe kitanda cha 4 kwa 6 chenye pa kuhifadhia vitu chini. Msumeno, drili na randa ninavyo. Nimekwama kati ya vitatu: cha droo, cha kuinua godoro kwa vyuma vya kusukuma vya gesi, au cha juu chenye meza na kabati chini yake. Mbao je, paina, mninga au plaiwudi? Mliotengeneza, mnasemaje?

Randa Butu
Mkuu, kabla ya mbao shika tepu. Droo ya kina cha futi 2 inataka futi 2 tupu mbele yake, na wewe upate pa kuchuchumaa. Mimi niliweka droo nne, mbili kila upande, nikazipiga msasa hadi zikang'aa. Siku ya kukiingiza chumbani ndiyo nikakumbuka kitanda kinakaa ukutani. Mbili hazijawahi kufunguka hadi leo.

Mama Nia
Cha kuinua tunacho. Kinameza blanketi, mabegi, hata feni mbovu. Ila zile gesi zina nguvu yake maalum, na godoro letu la sponji ni jepesi, basi ukishainua hakishuki mpaka mtu akikalie. Tena kila akitaka soksi lazima atoe mito na shuka. Kwa vitu vya msimu sawa, kwa nguo za kila siku ni adhabu.

Patasi
Cha juu sahau kama kuna pangaboi, na chini ya bati usiku wa Januari hapa Dar utamchoma mtoto.

Mbao: mninga haina mpinzani, ila bei yake unaijua. Paina ya Mafinga inatosha kabisa ikiwa imekauka. Mbichi ukiipigilia leo, mwezi ujao imepinda na droo hazitoki. Na usichukue zile za kijani za kupaulia, dawa yake mara nyingi ina aseniki, vumbi lake si la kuvuta wala la kulalia.

Kingine, vitanda havivunjiki miguuni, vinavunjika katikati. Weka mhimili wa inchi 2 kwa 4 kutoka kichwani hadi miguuni, chini yake miguu miwili inayogusa sakafu kwelikweli. Juu chaga 12 za 1 kwa 4, pengo la inchi mbili hivi. Ukifunika plaiwudi nzima, toboa matundu, la sivyo godoro litaota ukungu kwa chini.

Mzee wa Kibokoni
Huku kwetu Mombasa vitanda vya kale vilikuwa na tendegu ndefu, mtu hupanda kwa kibago, na chini yake ndipo lilipokaa sanduku. Mbona mwahangaika na reli za droo? Fanyeni masanduku mawili ya plaiwudi, yatieni magurudumu, yasukumeni chini ya mfumbati, ule ubavu wa kitanda. Reli zikiingia vumbi hukwama, gurudumu likiharibika wabadilisha tu.

Baba Wawili
Shikamoo mzee, hiyo imenikaa. Nimepima: kitanda kikikaa ukutani nabaki na futi 6, mlango unakula karibu 3. Basi masanduku mawili ya futi 2 upande wa mbele, na nusu ya ukutani iwe ya mabegi, afungue kwa juu kwa kuondoa chaga. Mhimili wa Patasi unaangukia palepale katikati. Chaga nizipigilie?

Patasi
Za mbele skrubu. Za ukutani zishone kwenye mkanda mmoja, azikunje kama mkeka. Maana yake chaga zikatie juu ya mhimili, vipande viwili. Na mbavu funga kwa bolti na nati, umepanga wewe, siku ya kuhama kitapitaje mlangoni?

Baba Wawili
Nimekusoma. Mwenye kitanda naye kausoma uzi huu wote, swali lake ni moja: sanduku moja laweza kuwekwa kufuli?

Randa Butu
Mwekee, mkuu. Sisi tulikuwa tunaficha chini ya godoro, na mama alikuwa anatandika kila asubuhi.