Utani wa mpira na hoja za wanawake kwenye ukurasa mmoja: nitenganishe?

BintiShangani (Mtwara)
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nina ukurasa Instagram. Naposti mapenzi yangu kwa Ndanda, Wana Kuchele, timu iliyotujaza uwanja wa Nangwanda Sijaona ilipokuwa Ligi Kuu mpaka iliposhuka 2020. Nawatania watani wetu wa Namungo, timu ya Ruangwa. Na nasema ninavyoona kuhusu wanawake.

Utani haujawahi kunigombanisha na mtu. Niliandika kwamba ukuta wa Namungo hata korosho daraja la pili inapita bila kupimwa, na watu wa Ruangwa wenyewe wakaisambaza. Kasheshe inaanza nikiwagusa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake.

Julai 2025 walikuwa Moroko kwenye Kombe la Afrika la wanawake, mara yao ya pili tu, ya kwanza ilikuwa 2010. Siku wanacheza na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, nilimwomba mwenye kibanda umiza mtaani kwetu atuwekee mechi. Akaweka muvi ya kutafsiriwa, eti hakuna atakayelipa kiingilio kuangalia wanawake. Tukaunga bando, tukabanana watatu kwenye simu moja. Opah Clement alipofunga tulipiga kelele mpaka jirani akatoka nje kuuliza kuna msiba gani. Ikaisha 1-1. Nikayaandika yote, na ya kibanda nikayaandika kwa hasira, kwa sababu yaliniuma kweli.

Majibu? "Rudi jikoni." "Tupe mpira, acha uanaharakati." Nikiweka picha ya mchezaji wetu Clara Luvanga akiwa na jezi ya Al Nassr ya Saudi Arabia, wanauliza ataolewa na nani. Kaka yangu ananishauri nifungue ukurasa wa pili, mambo ya wanawake niyapeleke huko. Moyo unakataa. Mnaonaje?

MwanaRuangwa
Dada, mimi ni Namungo damu, na ile ya korosho niliituma kwenye grupu letu. Usitenganishe. Mimi Twiga Stars nimewajua kupitia kwako, maana nilikuja kucheka nikakuta na hayo. Ila ushauri mmoja: posti ya utani iwe ya utani, ya hoja iwe ya hoja. Ile ya kibanda ulianza na kichekesho ukamalizia na hasira, wengi wakaishia kwenye kichekesho.

Kaskazi_07
Mpira ni mpira. Haki za wanawake zina majukwaa yake.

BiMkubwaMitwero (Lindi)
Kaskazi mwanangu, majukwaa yapi? Sisi huku Kusini tumefundwa kwa nyimbo. Kwenye unyago somo anakuchekesha mpaka unashika mbavu, na humo humo anakwambia neno zito la mume, la mali, la mwili wako. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma pale Dar es Salaam, na 1955 alipoanza kuwaita wanawake waingie TANU alipita kwa wanangoma wenzake. Hakuacha ngoma ndipo aanze siasa. Binti, kaa hapo hapo. Wanaocheka na wewe ndio watakaokusikiliza.

FundiSimu_Masasi
Mimi niongelee matusi. Instagram ina sehemu ya kuficha maneno, unaandika mwenyewe yale usiyotaka kuyaona. Weka ya Kiswahili, na yale wanayoyakatakata: "jikoni" weka na "jikn". Anayekutishia usimfute haraka. Piga skrinshoti yenye jina lake na tarehe kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni, na polisi watakuuliza ushahidi.

BintiShangani
Shikamoo Bi Mkubwa, umenigusa sana. Ukurasa unabaki mmoja. MwanaRuangwa, nimekuelewa: ya kibanda naiandika upya peke yake, bila kichekesho hata kimoja, na namtaja kila mchezaji aliyekuwa uwanjani siku ile. Fundi, "jikoni" na "jikn" nimeshaweka, na "ataolewa" nayo nimeiongeza.

Kaskazi, Twiga Stars wakicheza tena njoo tuangalie wote. Bando nalipa mimi.