Dogo yuko probesheni mwezi wa tano, kavunjika mguu, ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) wiki sita. Kazini wanataka aandike barua ya kuacha kazi

Kinyanambo C:
Wakuu habari za leo. Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu. Ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha mbao nje kidogo ya Mafinga. Mkataba wa kudumu, majaribio miezi sita, ametimiza miezi minne na siku chache. Alhamisi kaanguka na bodaboda, mfupa mkubwa chini ya goti umekatika. Iringa wamemfanyia upasuaji wakaweka chuma ndani ya mfupa, wakampa ED wiki sita kwa kuanzia, kisha arudi kliniki apigwe picha.

Meneja utumishi kamwambia kwenye simu kwamba likizo ya ugonjwa ni ya waliothibitishwa kazini, hivyo aandike barua ya kuacha kazi na akipona watamrudisha. Je, mshahara wa hizo wiki anao? Wanaweza kumtoa? Na hiyo barua aandike?

Wakili wa Kijiweni:
Nianze na la mwisho: barua asiandike. Aliyeacha kazi mwenyewe ni vigumu kudai kwamba ameachishwa, na "tutakurudisha" ya kwenye simu haina uzito popote. Hata wakimrudisha kweli, miezi yake inaweza kuanza kuhesabiwa upya, na utaona hapa chini kwa nini miezi hiyo ni mali.

Meneja kapatia nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 haiangalii kama umethibitishwa, inaangalia umetumikia muda gani. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini kifungu cha 29 kinasema mwenye utumishi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Kwa hiyo leo, kwa sheria tupu, hawezi kuwalazimisha wamlipe. Asome mkataba wake na mkataba wa hali bora kama kiwandani kuna chama cha wafanyakazi, maana kampuni nyingine zinatoa malipo ya ugonjwa tangu siku ya kwanza na mfanyakazi hajui.

Sasa piga hesabu. Miezi minne na ushee, ongeza wiki sita: inakaribia miezi sita. Picha ikionyesha mfupa haujashika na ED ikaongezwa, anavuka miezi sita akiwa kitandani, na mkataba wake bado uko hai. Kwa usomaji wangu, kuanzia siku hiyo mlango wa malipo unafunguka. Sishangai wanaitaka barua mapema.

Faili la Kijani:
Mimi ni wa upande wa utumishi. Sheria mmeelezwa, ila watu wengi huangukia kwenye karatasi. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Mgonjwa aliyetuma salamu kupitia rafiki wa idarani, faili lake linasoma "hayupo kazini". Hapo anaondoka kwa utoro, ugonjwa hautajwi hata mara moja.

ED aikague kabla hajaipeleka. Jina lifanane na la kwenye mkataba, iwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, jina la daktari, sahihi na muhuri wa hospitali. Iliyoandikwa "wiki sita" bila tarehe huleta ubishi: zinahesabiwa tangu ajali, tangu upasuaji, au tangu aruhusiwe? Picha ya WhatsApp inatosha kwa siku ya kwanza tu, karatasi halisi ifuate. Cheti cha mtaalamu wa mifupa wa asili kisiambatanishwe, kitachafua faili.

Barua iwe fupi, nakala mbili, moja irudi imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakigoma kugonga, itumwe kwa barua pepe ya ofisi au kwa rejista ya posta na risiti itunzwe. Iseme hivi:

"Naomba ruhusa ya ugonjwa kuanzia tarehe … hadi tarehe … kama inavyoonekana kwenye cheti cha daktari nilichoambatanisha. Kama muda huu hautakuwa na malipo, naomba uwe likizo bila malipo. Kwa kuwa nitakuwa nje katika kipindi cha majaribio, naomba kipindi hicho kisogezwe mbele kwa idadi ya siku nitakazokosekana, ili utendaji wangu upimwe kikamilifu."

Hiyo sentensi ya mwisho msiikate. Kanuni ya 10 ya GN 42 ya 2007 (Tangazo la Serikali lenye kanuni za utendaji bora kazini) inamruhusu mwajiri kuongeza majaribio, baada ya kushauriana na mfanyakazi, pale anapokuwa hajaweza kumpima vizuri. Mnampa njia halali ya kutomtoa. Bosi akiwa na njia rahisi mezani, mara nyingi ataishika hiyo.

Jambo dogo: bila mshahara hakuna makato. Muulize mhasibu michango ya bima ya afya itakuwaje, asije akakwama dirishani siku ya kliniki.

Kinyanambo C:
Asanteni sana wakuu. Nilisahau: siku hiyo msimamizi alimtuma apeleke delivari noti ofisi ya mjini, ndiyo akapanda boda. Inabadilisha kitu? PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ipo.

Nyororo Stendi:
Mkuu, hilo ungeanza nalo! Ajali ya mtu aliyetumwa na kazi ni ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko hakuna sharti la miezi sita wala la kuthibitishwa. Mfuko unagharamia matibabu, na kwa muda ambao hawezi kufanya kazi fidia ni asilimia 70 ya mshahara wa mwezi, hadi miezi 24. Asitegemee kulipwa mara mbili, fidia huku na likizo ya ugonjwa kule.

Ubishi utakuwa kwenye neno moja: alitumwa? Angekuwa anarudi nyumbani kwa boda ya kujikodishia, isingehesabika. Kwa hiyo kusanyeni leo, kabla watu hawajaanza kusahau: ujumbe au rekodi ya simu ya msimamizi, daftari la getini lenye saa ya kutoka, vocha ya petikeshi ya nauli, na zile delivari noti zenye tarehe. Daftari la getini lipigwe picha haraka, likijaa linatupwa stoo. PF3 itaje mahali na saa, zilingane na daftari.

Mwajiri ndiye anayepaswa kupeleka taarifa Mfuko. Akisuasua, nendeni WCF wenyewe. Haki inapotea ajali isipofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, ila msikae hata mwezi. Waajiri wengine huficha ajali wakidhani watatoa mfukoni, kumbe wanachangia asilimia 0.5 ya mishahara ya wafanyakazi kila mwezi kwa ajili ya siku kama hii. Anayeficha kwa nguvu zote, mara nyingi hakujisajili.

Sista Mkwawa:
Upande wa mguu. Chuma kikiwa ndani hakuna hogo (plasta ngumu ya nje), kwa hiyo baada ya wiki tatu watu watamwona na suruali wadhani anajifanya. Mfupa huo kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita kushika, hata kama anatembea na magongo mapema. Siku ya kliniki amwombe daktari, kama picha inaruhusu, aandike kazi nyepesi kwa kueleza: akae, asibebe mzigo, asipande ngazi, hadi tarehe fulani. "Light duty" peke yake, msimamizi ataitafsiri anavyotaka. Kuhesabu stoo mezani anaweza, kupita yadi yenye matope na magome ya mbao kwa magongo, hapana. Kidonda kikitoa usaha, kikawa chekundu au akapata homa, asisubiri tarehe. Sigara aache.

Wakili wa Kijiweni:
Kuhusu kutolewa, nisiwafiche: chini ya miezi sita, ile kinga ya kuachishwa isivyo halali haimhusu. Na miezi ya majaribio kwisha si kuthibitishwa moja kwa moja. Hata hivyo GN 42 inataka aelezwe kasoro zake, ajitetee na apewe muda wa kurekebisha. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, ni siku 28. Wakimtoa, Fomu Na. 1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ijazwe ndani ya siku 30. Madai mengine ni siku 60.

Nyororo Stendi:
Na nauli za kliniki adai risiti. Costa za Iringa mguu haukunjuki, akate kiti cha mbele mapema au akodi taksi, na kila karatasi iingie kwenye bahasha moja ya WCF.