Leontyne Price: wanamsifu kwa sauti au kwa uigizaji?

Kijana wa Mkomani:
Assalaam alaykum. Swali langu ni kwa wanaojua uimbaji. Nimeitazama Aida, opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya mtunzi Mwitaliano Verdi, iliyoonyeshwa New York Januari 1985, siku Leontyne Price, soprano Mmarekani (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike), alipoaga jukwaa la opera. Kisha nikatafuta wahakiki wamesema nini juu yake. Harold Schonberg wa New York Times, baada ya kumsikia akianza kuimba Metropolitan, ukumbi wa opera wa New York, mwaka 1961, aliandika kwamba anaigiza vya kutosha, ila hakuna soprano anayepata jina kwa kuigiza: sauti ndiyo kila kitu, na Price anayo. Wengine walinung'unika kuwa husimama tu. Ni kweli, pale mtoni Nile alitulia hasa. Lakini mimi nimelia. Sasa kilichoniliza ni nini, ikiwa uigizaji wake ni wa kawaida?

Bi wa Langoni:
Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi nafundisha wasichana kasida, na harusini nimeimba tangu sijaolewa, kwa hiyo nitakwambia ninavyosikia kwa sikio la mwimbaji.

Schonberg alimsifu kwa haki, ila amevitenga vitu viwili visivyotengana. Itazame tena sehemu hiyo ya kitendo cha tatu. Inaanza na obo, jamaa ya zumari letu. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, mtumwa Misri, na anasema nchi yake hataiona tena. Price anaanza chini, kwenye sauti yenye moshi kidogo, nzito, kama ya mtu anayesema na nafsi yake. Halafu wimbo unapanda pole pole mpaka ile noti ya juu kabisa, na Verdi ameagiza iimbwe kwa utamu, si kwa nguvu. Hapo ndipo wengi huokoka kwa kupiga kelele. Yeye, mwenye miaka 57, aliipanda kwa pumzi moja iliyonyooka, sauti ikizidi kung'aa badala ya kukonda. Hana kipaza sauti. Mbele yake okestra nzima, na ukumbi ule una viti karibu 3,800.

Sasa fikiri mbavu zinafanya kazi gani hapo! Ukirusha mikono, bega linapanda na pumzi inakatika. Wasichana wangu nawakataza kutikisika kwenye beti ndefu kwa sababu hiyo hiyo. Kutulia kwake ni kazi, na kwa kazi hiyo ndipo huzuni ya Aida inapita ikufikie. Makofi yakaenda dakika kadhaa, naye amebaki pale pale, macho yamejaa.

Na usisahau ni nani huyo. Mzaliwa wa Laurel, Mississippi, 1927, enzi ambazo mtu mweusi alibaguliwa kwa sheria. Marian Anderson ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mwimbaji pekee Metropolitan, na hiyo ilikuwa 1955 tu. Price alipoimba juu ya nchi iliyopotea, hakuwa na haja ya kujipaka rangi wala kubuni uchungu.

Msikilizaji wa Malindi:
Shikamoo Bi. Nakuheshimu, lakini siku hizi kutulia hakutoshi. Mtazame Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini, yule aliyeimba Westminster Abbey Mei 2023 Mfalme Charles alipotawazwa. Januari 2013 alichukua nafasi ya mwenzake Metropolitan kwa taarifa fupi mno, katika Le Comte Ory, opera ya kuchekesha ya Rossini. Akajikwaa alipoingia, akainuka, akaimba ukumbi ukalipuka. Yeye hucheka, huchokoza, mwili wote unaimba. Mimi hiyo ndiyo naiita kuigiza.

Bi wa Langoni:
Marahaba baba. Yende nampenda mno, na huko kuinuka kwake kulitaka moyo. Lakini umelinganisha kazi mbili mbali. Rossini ni noti ndogo ndogo zinazokimbia, na kichekesho chataka mwili mwepesi. Aida ni mzigo mrefu. Mpe Yende Aida na umpe Price kichekesho, utawaonea wote wawili.

Kijana wa Mkomani:
Nimeelewa, Bi. Nikitaka kumsikia Price akiwa kijana, nianzie wapi?

Bi wa Langoni:
Il trovatore, opera nyingine ya Verdi, hiyo hiyo aliyoanza nayo Metropolitan. Nenda kitendo cha nne, Leonora, anayeimbwa na Price, yuko nje ya mnara usiku, mpenzi wake amefungwa ndani. Sikiliza mitetemo ya sauti, noti mbili jirani zikibadilishana haraka. Wengi huiruka au huifanya ovyo. Schonberg mwenyewe alitaja kwamba Price aliiimba kama ilivyoandikwa, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote katika makala yake. Mtetemo ule ni hofu ya Leonora. Ukiuondoa, unabaki na mwanamke mwenye sauti nzuri anayezungumza na ukuta.